Tunakwenda visiwani na kikoba, tufanyeje hela yetu iwafikie wenyeji na bahari isiumie?

MamaKikoba (Dar)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa mliokwishatembea visiwani na zaidi nyie mnaoishi hukohuko. Sisi ni kikoba cha akina mama hapa Mbagala, tumeweka akiba ya safari muda mrefu na sasa imetimia, tumekubaliana tukatembee visiwa vyetu wenyewe, tutakuwa kama watu kumi na wanne hivi pamoja na baadhi ya waume. Kazi ya kupanga nimeachiwa mimi.

Sasa kila wakala ninaemuuliza ananiletea pakeji ileile, hoteli ya ufukweni kaskazini ya Unguja kila kitu ndani, kula ndani kunywa ndani, halafu siku ya pomboo, siku ya kisiwa cha Mnemba, siku ya fungu la mchanga, mnarudi. Hela yote inalipwa hapahapa Dar. Kinachonisumbua ni kwamba mama anaekaanga pweza nje ya geti la hiyo hoteli hapo anapata nini? Na picha za matangazo walizonitumia ndo zimeniudhi kabisa, boti zimewazunguka pomboo pande zote watu wanajirusha majini kwa kelele, nyingine dada kashikilia kiti cha pweza (yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) juu ya maji anapiga picha nae. Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, kusini Unguja, bahari ndo iliyomsomesha, siwezi kupeleka watu wakafanye vile halafu nikamuangalia usoni.

Kwahiyo naomba mnisaidie, tulale wapi, pomboo twende au tuache kabisa, na je kuna kisiwa kingine tofauti na Unguja ambacho kikundi cha watu wa kipato cha kawaida wanaweza kwenda? Bei ikizidi kidogo sio shida ilimradi tujue inakwenda kwa nani.

Nahodha_Kusini

Dada karibu sana, na nimefurahi umeuliza kabla ya kuja maana wengi wanauliza wakishaondoka. Mie ni nahodha wa boti za wageni Kizimkazi, huku kusini Unguja, nitakueleza hili la pomboo kama lilivyo.

Usiache kuja. Watu wanasema pomboo wasiangaliwe kabisa lakini hawajui tulikotoka. Zamani wazee wetu walikuwa wakivua pomboo, nyama yake ilikuwa chambo cha kuvulia papa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walipoanza kuja kuwatazama ndipo watu wakaona pomboo alie hai anamlisha mtu leo na kesho na mwakani, wakaacha. Kwahiyo wageni ndio waliowaokoa, hili lisisahaulike.

Shida ni tunavyowatazama. Pomboo asubuhi wanakuja maji ya karibu kupumzika, wengine wana watoto. Boti zinafika kwa pamoja kwa sababu wageni wote wameamshwa alfajiri kutoka hoteli za mbali na wote wana ratiba ya kurudi. Boti ya kwanza inakata mbele yao, nahodha anapiga kelele rukeni rukeni, watu wanaanguka majini, pomboo wanazama wanaibukia kwengine na boti zote zinageuza zinafukuza tena, inakwenda hivohivo mpaka wamechoka wameondoka. Watafiti walowafatilia pomboo wa kwetu hapa wamekuta kwamba boti zikiwepo wanapunguza kupumzika na kutafuta chakula, muda mwingi wanakuwa wanasafiri tu. Na sisi manahodha tunaliona hilo kwa macho yetu bila ya utafiti.

Kwanini nahodha anafukuza wakati anajua? Kwa sababu mgeni asiporuka na pomboo anakwenda kulalamika kwa wakala, na wakala kesho hampigii simu tena yule nahodha anampigia mwengine. Na bakshishi hapati. Boti nyingi sio zetu, tunafanyia kazi tajiri, petroli imeshatiwa, nyumbani wanasubiri. Ndo maana nakwambia nguvu unayo wewe kabla ya mashine haijawashwa. Mkishakaa kwenye boti mwambie nahodha mbele ya wenzako wote, sisi hatuna haja ya kuingia majini na pomboo, tutazame kwa mbali, na bakshishi yako utapata hata tusipomuona hata mmoja. Neno hilo la mwisho ndilo linalobadilisha kila kitu, utamuona uso wake. Akisikia hivo atakwenda kwa ubavu sio kwa mbele, atapunguza mashine, atakaa pembeni, na mara nyingi pomboo waloachwa kwa raha wanakuja wenyewe chini ya boti. Mkikuta boti zimeshajaa mwambieni asubiri au mwende kuzungukia matumbawe kwanza, eneo lote hili la Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997, kuna mengi ya kuona.

Na boti mkodishe hapahapa kijijini, sio Dar wala sio mjini. Mukifika muulizeni bwana diko (msimamizi wa bandari ya wavuvi) au sheha (kiongozi wa serikali hapo kijijini), atawaelekeza kwa watu wenye leseni. Mkimaliza msikimbie, hapo Dimbani pana msikiti wa zamani sana, maandishi ya kibla yake ni ya mwaka 1107, jistirini muombe ruhusa mtaingizwa, na mkiwa na chochote mtie kwenye sanduku la msikiti.

BintiMwani

Assalaam aleikum. Mama wa kikoba mie nitajibu la kulala kwa sababu ndo linalotuuma sisi watu wa pwani ya mashariki.

Njooni Jambiani au Paje au Bwejuu, zipo gesti nyingi za wenyewe wanakijiji, nyengine ni nyumba ya mtu kaongeza vyumba. Usimamizi wa kwao, wapishi wa kwao, samaki wamemnunua kwa jirani alierudi na ngalawa. Kwa watu kumi na nne mnaweza kuchukua gesti mbili zinazopakana na mkapika chakula pamoja kwa mama mmoja wa kijijini, mwambieni siku moja kabla atawatengezea pweza wa nazi, boko boko, mkate wa kumimina, chochote. Hela ile haiendi popote, inazunguka hapahapa, anampa mwenye nazi, mwenye nazi anampa fundi, fundi analipa ada ya mtoto.

Sasa la maji, hili naomba lisomwe na kila anaekuja Unguja. Sisi hapa maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi ndani ya ardhi, yakivutwa kupita kiasi chumvi inapanda na kisima kimekufa, hakirudi haraka. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza lilokuwa likiitwa Tourism Concern lilifanya uchunguzi wa maji Nungwi, Kiwengwa na kwetu Jambiani, wakakuta nyumba ya kawaida ya mwanakijiji inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, gesti lita 686 kwa chumba kimoja, na hoteli ya nyota tano lita 3,195 kwa chumba kimoja. Chumba kimoja! Wakati mwanamke wa kijijini anaamka usiku kusubiri mfereji utoke. Wageni wamezidi sana tangu wakati huo, mwaka 2024 waliingia Zanzibar zaidi ya laki saba. Kwahiyo mkija mkaoga kwa ndoo mkawaambia wasibadilishe mashuka kila siku, mmetusaidia kuliko zawadi.

Halafu mwani. Mtauona ufukweni, zile kamba na vijiti maji yakitoka. Kilimo hichi cha biashara kilianza hapa mwaka 1989 na sasa Zanzibar nzima tunahesabiwa zaidi ya 20,000, wengi wetu wanawake. Kazi yenyewe ni ya bamvua, maji yakitoka mbali sana ndo tunaingia, tunakaa chini majini tunafunga kipande kimojakimoja kwenye kamba, mgongo unaungua na vidole vinakatika. Ule mwani wa bei nzuri, kotonii, unakufa maji yakipata joto, unakuwa mweupe unanyauka, wengi tumebakia na spinosamu ambayo mnunuzi anatoa bei ndogo mno. Ndo maana tukaingia kwenye sabuni. Tunausafisha, tunaukausha, tunausaga unga, tunachanganya na mafuta ya nazi na ya mkarafuu, tunauwacha ukomae wiki kadhaa kabla ya kukata. Kipande kimoja cha sabuni kinatupa zaidi ya kilo nzima za mwani mkavu tukiuza kwa mnunuzi. Mkitaka zawadi za kupeleka nyumbani nunueni kwa vikundi vyetu moja kwa moja na msituvute bei kama mnanunua mitumba.

Mambo mawili ya adabu. Msipige picha mwanamke aliekuwa mwanini bila ya kumuuliza, tumelowa, nguo zimetushika mwilini, sie ni watu tunaojistiri. Na wale wanaocheza kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, waambieni wasipite juu ya mashamba, kamba zinakatika na mtu anapoteza mazao ya mwezi mzima.

Mpishi_Kaskazini

Mie nafanya kazi jikoni kwenye hoteli kubwa, naomba na mie nisikilizwe kwa sababu humu kila siku hoteli kubwa zinasemwa. Mshahara wangu umejenga nyumba ya mama na kusomesha wadogo zangu wawili. Hoteli ikikosa wageni sie ndo wa kwanza kurudishwa nyumbani, tuliliona wakati wa korona, watu walikuwa wanauza mpaka vitanda. Kwahiyo kusema msije kabisa hoteli kubwa ni kutukata riziki.

Ila na mie nakubali kuna maswali ambayo mgeni akiuliza yanafika kwa meneja haraka kuliko sisi wafanyakazi tukisema. Ulizeni kwa simu au kwa meseji kabla hamjalipa: wafanyakazi wangapi wanatoka kijiji hichi na wanafanya kazi gani, maana pengine wenyeji wote ni walinzi na watunza bustani tu. Samaki na mboga mnanunua wapi? Mnamlipa mvuvi papo hapo au baada ya miezi? Hili la mwisho ni kubwa, mvuvi mdogo hawezi kusubiri hundi, anamuuzia dalali kwa bei ya kutupa na dalali ndo anaingia hotelini. Na maji machafu yanakwenda wapi na maji mnayotumia yanatoka wapi, kuna hoteli zimeweka mitambo ya kusafisha maji ya bahari na kuna zinazovuta visima vilevile vya kijiji. Meneja anaejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Na mkila, kamba koche mwenye mayai tumboni mrudisheni, samaki wadogowadogo wa matumbawe wale wa rangi msiagize. Mpishi atajua kwamba wageni wanaangalia. Chupa za plastiki pia, mifuko Zanzibar tulishapiga marufuku tangu 2006 lakini chupa za maji zimejaa kila mahali na nyingi zinaishia kwenye jaa la Kibele, njooni na chupa zenu mjaze kwenye dumu.

BintiMwani

@Mpishi_Kaskazini hakuna anaetaka ukose kazi kaka angu. Ninachopinga mie ni huu mtindo wa kila kitu ndani. Mgeni ameshalipia chakula chake cha mchana na cha usiku, atatoka getini kufanya nini? Duka la Mwanakhamisi halioni hata shilingi. Hoteli hiyohiyo ikiuza kitanda na chai ya asubuhi tu, mgeni mchana ananunua urojo nje, jioni anakula kwa mama ntilie, na wewe kazi yako ipo palepale.

Mpishi_Kaskazini

Hapo sawa, nakubaliana. Na bakshishi tunazipata zaidi kwa wageni wa aina hiyo maana wanakuwa wamezoeana na watu.

mtembezi_mjini

Nyongeza fupi. Kama mnataka kuona matumbawe mazuri kuliko pote bila kuyaharibu tafuteni siku moja ya Chumbe, ni kisiwa kidogo kama kilomita 12 kusini mwa mji, bahari yake ni hifadhi tangu 1994 na inaendeshwa na watu binafsi bila kutegemea bajeti ya serikali, hela ya wageni ndo inalipa askari wa hifadhi ambao wengi walikuwa wavuvi hapohapo. Maji ya mvua, umeme wa jua, vyoo vya mboji visivyotumia maji, mnara wa taa wa 1904, kaa wakubwa wa nazi usiku. Na watoto wa shule za Unguja wanapelekwa bure kujifunza matumbawe, wengi wao ndo mara ya kwanza kuvaa miwani na kuona chini ya bahari ya kwao. Kulala ni ghali kwa sababu vibanda ni saba tu lakini wageni wa mchana wanapokelewa nafasi ikiwepo, wekeni oda mapema.

Mkiwa mjini mtembezaji awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, papasi (madalali wa wageni) wa bandarini muwakatalie kwa adabu tu. Na kwenye mafungu ya mchanga viti vya pweza viacheni majini, akitolewa hewani hapumui, hata kama nahodha mwenyewe ndo anawaletea mkononi. Makombe makubwa pia msinunue, lile kombe la tarumbeta ndio mla yule mdudu wa miiba anaetafuna matumbawe, likiishia dukani mdudu anabaki na adui wachache.

Mtu wa Kilindoni

Mama wa Mbagala mbona jibu lako liko karibu yako, njoo Mafia! Mnapanda gari hapohapo Mbagala mpaka Nyamisati halafu kivuko mpaka Kilindoni. Safari ndefu lakini bei inawezekana kwa watu wa kawaida, ila ulizia ratiba ya kivuko na hali ya hewa kabla, kusi ikikaza bahari inachafuka sana na wazee watapata tabu.

Mafia ndo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, 1995, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu, wavuvi wanavua kwa masharti. Ukifika geti la Utende unalipa kiingilio kwa kontroo namba, raia bei yake ni ndogo. Usilalamikie kile kiingilio. Kabla ya hifadhi hapa watu walikuwa wanapiga baruti baharini, matumbawe yanakuwa kifusi, samaki wanaokufa ni wengi kuliko wanaookotwa.

Kuanzia Oktoba mpaka kama Machi kuna papa potwe hapa mbele ya Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na mtu, anakula uduvi mdogomdogo na vijidudu vya majini, anakuja mpaka karibu na mji. Wavuvi wa hapa wanamjua tangu zamani, akiwepo yeye na dagaa wapo. Masharti ni kama alivyosema nahodha wa Kizimkazi, boti mojamoja, mashine chini, kumgusa hapana, kumpanda mgongoni hapana, kumkatia njia hapana, mnaingia wachache mnakaa ubavuni kwa mbali kidogo na yeye anapita. Mimi nimeshaona watu wazima wakilia wakitoka kwenye maji, kwa jinsi alivyo mkubwa na mpole. Ambao hawajui kuogelea wanamuona vizuri tu kutoka kwenye boti, mgongo wenye madoa unapita pembeni yako.

Halafu vukeni Chole kwa dau la wanakijiji. Hakuna gari kule, mtatembea na kijana wa kijijini, magofu, popo wakubwa wananing'inia mitini mchana, na mafundi wa majahazi wanafanya kazi kwa shoka, tezo na keekee bila ramani ya karatasi, jahazi zima liko kichwani mwa fundi. Kaeni mwangalie, muulizeni, mnunulieni soda mkae nae, ni wazee wenye elimu kubwa na vijana wachache ndo wanaofata kazi ile sasa. Na mkibahatika na msimu wa kasa, kisiwa cha Juani kuna walinzi wa viota wa kijijini wanaofanya kazi na shirika la Sea Sense, wanajua kiota kipi kitaanguliwa lini, mnakwenda kuwaangalia watoto wa kasa wakikimbilia maji na sehemu ya hela mnayolipa inabaki kijijini. Mayai yale zamani yalikuwa yanachimbwa yanaliwa. Sasa mtu anaelionyesha shimo analipwa, na analinda mpaka yaanguliwe.

Malazi kuna gesti Kilindoni na Utende za bei zote. Msitegemee starehe kubwa, mtegemee watu wakarimu.

Mpemba halisi

Pemba mumeisahau kama kawaida. Kidike kuna msitu wa popo wa Pemba, hawapo popote pengine duniani, mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mia chache kwa kuliwa na kukatiwa miti, wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda sasa ni maelfu kwa maelfu. Kiingilio kinakwenda kijijini.

Na Kisiwa Panza wenyewe wanafunga mwamba. Yani kamati ya kijiji inatangaza sehemu fulani hakuna kuchokoa pweza miezi mitatu, pweza anakua haraka sana na umri wake ni mwaka na kidogo tu, kwahiyo miezi mitatu inatosha kumfanya mkubwa. Siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka mwambani, wanawake wazee watoto, na wachuuzi wanasubiri na mizani. Kazi hii wamesaidiwa na watu wa shirika la Mwambao. Ugumu ni wezi wa usiku na watu wa vijiji vyengine wasiokubali, kamati inalinda kwa kujitolea. Mkija siku hizo mkala mkalala mkakodi boti, kamati inapata mafuta ya doria. Kisiwa cha Misali nacho ni kizuri sana ila mjue wavuvi wana dago lao (kambi ya uvuvi) pale, mnapita kwa salamu, sio kama ufukwe wa kwenu.

Mvumba wa Wasini

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hii thredi yote na nataka kuongeza ya kwetu kwa sababu mnaweza kuja hata kwa barabara kupitia mpaka wa Lungalunga, na Shimoni, mnapopandia boti ya kuja Wasini, haiko mbali na hapo.

Wasini kuna bustani ya matumbawe ya kale, miamba iliyotoka majini zamani sana imesimama katikati ya mikoko, na akina mama wa kijiji wakajenga daraja la mbao la kupitia juu yake. Mgeni analipa kiingilio kidogo kwa hao akina mama wenyewe, hakuna broka. Pesa zimelipa karo za watoto na kusaidia wagonjwa. Nyinyi ni kikoba, nawaambia mje mkae nao muongee, ni chama kama chenu tu, wao wana daraja na nyinyi mna akiba. Daraja la mbao kwenye maji ya chumvi linaoza, kila mara mbao zinabadilishwa, kwahiyo kila tikiti ina kazi yake.

Mbele ni Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari chini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), pomboo wako na masharti ni yaleyale. Kisiwani hakuna magari na hakuna maji baridi ya chini, tumezoea kukinga mvua na mengine kuyavusha kwa boti, basi hayo mambo ya kuoga kwa ndoo aliyosema dada wa Jambiani huku ndio maisha. Na tukimaliza kuwapikia kaa mkiacha nusu sahani tunaumia, kaa wamepungua. Agizeni mnachomaliza.

MamaKikoba (Dar)

Jamani Mungu awabariki nyote, nimesoma kila neno na nimewasomea wenzangu kwa sauti kikaoni. Tumeamua hivi. Safari hii Mafia, kwa sababu ya Nyamisati na kwa sababu hela itatosha kukaa zaidi, tutakwenda Novemba tumuone potwe. Unguja tutakwenda mwakani, Jambiani, gesti za wanakijiji na kupikiwa na mama wa hapo, na mmoja wetu tayari anataka kujifunza sabuni ya mwani, @BintiMwani nitakufuata pembeni. Wakala wa pakeji nimemjibu hapana nikamueleza na sababu, kaniambia hajawahi kuulizwa.

Swali la mwisho. Wenzangu wanataka kubeba madaftari, kalamu na pipi za kuwapa watoto tutakaowakuta njiani. Ni sawa?

Mtu wa Kilindoni

Pipi hapana. Watoto wanajifunza kusimama barabarani kusubiri wageni muda wa madrasa na muda wa shule, na wakishazoea wanaanza kudai hela. Madaftari ni mazuri sana lakini yapelekeni kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji, na mkiweza mpigieni kwanza muulize kinachopungua, pengine madaftari yapo na kinachokosekana ni madawati au taulo za kike. Na vitu vingine msibebe kutoka Kariakoo, vinunueni madukani hapa Kilindoni, bei imezidi kidogo lakini mwenye duka nae ana watoto shuleni hapohapo.

BintiMwani

Na sie Zanzibar ni hivyohivyo, kwa mwalimu mkuu au kwa sheha. Mwakani mkipanga tarehe mnitumie kwanza niangalie mwezi, mje wiki ya bamvua ili mtukute mwanini, maji yakiwa mafu mtakuja mtaona bahari tupu. Leteni viatu vya plastiki vya kuingilia majini kwa sababu ya miiba ya shokoshoko wa baharini (urumbe), na leso ya kujifunga ya ziada maana mtalowa.

MamaKikoba (Dar)

Sawa dada, inshallah nakutumia tarehe baada ya mfungo.